Nani Aliifua Ile Shuka

Juzi asubuhi nilimfokea mwanangu wa kwanza, Salumu, mwenye miaka sita, kwa sababu alikuja kumchungulia mdogo wake na mikono imejaa mafuta ya vitumbua. Nimejifungua, nina wiki ya tatu ndani, na mama yangu amekuja kunihudumia hapa kwangu Segerea mpaka arobaini iishe. Nilikuwa na usingizi, mgongo unauma, na maneno yakanitoka kabla sijayachagua: "Nenda kanawe! Mtoto mchanga hapendi uchafu." Salumu akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akaviangalia viganja vyake, akaondoka. Hakwenda kunawa.

Haikupita saa moja, mama akatoka chumbani kwa Salumu na shuka iliyolowa. Aliikuta imesokomezwa nyuma ya kabati. Mashine ya kufulia ninayo, lakini mama haiamini, anasema ile inauzungusha uchafu tu, haiutoi. Akavuta kigoda uani, akakata kipande cha sabuni ya mche, akaanza kufikicha. Harufu ikanifuata mpaka kitandani, mkojo wa mtoto uliolala pamoja na sabuni ya mche, na mimi na utu uzima wangu wote nikashikwa na hofu ya mtu anayekaribia kukamatwa. Ipo shuka nyingine, ya zamani, niliyokaa nayo rohoni tangu nina miaka saba. Mpaka juzi sikujua nani aliifua.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Mbagala, kwenye nyumba ambayo baba alikuwa anaijenga kidogo kidogo, mbele ina lipu na nyuma tofali tupu. Baba alikuwa karani kwenye ghala la nafaka. Tulikuwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Idi wa miaka mitatu, na mama alikuwa na mimba ya wa tatu. Wenzangu mliokulia upande ule mnaujua mchanga wa Mbagala. Unaingia kwenye unga, unaingia kwenye nywele, unafagia asubuhi na adhuhuri umerudi kama vile hukufanya kitu. Mama alikuwa na vita nao. Mlangoni kulikuwa na ndoo na kopo, na hakuna mguu uliovuka kizingiti bila kumwagiwa maji, hata wa baba. Kucha zilikaguliwa kila Alhamisi jioni. Mwenye kucha chafu hakupigwa, alikatwa kwa wembe huku akisimuliwa habari za minyoo mpaka akose hamu ya kula.

Mimba ilivyokuwa kubwa, vita navyo vikakolea. Mama alichana khanga zake za zamani akatengeneza nepi, akazifua, akazichemsha kwenye sufuria, akazianika, kisha akazipiga pasi ya mkaa upande huu na upande huu. Akanunua beseni jipya la kijani. Nyumbani tulikuwa na jekundu la nguo na la bluu la vyombo, na ole wako uyachanganye. Hili la kijani alilitundika kwenye msumari ukutani chumbani kwake, akasema ni la mtoto, na mkono wa mtu usiliguse. Mimi nikawa naingia kulitazama. Sikuelewa inakuwaje mtu ambaye hajafika anakuwa na beseni lake peke yake wakati mimi na Idi tunaogea lile la nguo.

Na hapo ndipo yalipokuja yale maneno. Nikiacha maganda ya chungwa sebuleni, Idi akijipaka uji kichwani, mama alisema, "Haya, endeleeni. Mtoto mchanga hapendi uchafu. Atakuja, atanusa, ataona hapa panamshinda, atarudi alikotoka." Alisema akicheka, ameshika kiuno. Leo nikisema mimi naijua ni namna ya kumfanya mtoto aokote maganda. Wakati ule niliichukua kama taarifa. Niliamini kabisa kwamba kuna siku ya ukaguzi, na mkaguzi ni mtu mdogo atakayeingia, atanusa, halafu ataamua.

Siku mama aliyokwenda hospitali, shangazi yetu Zuhura, dada yake baba, alikuja kutoka Tandika kukaa nasi. Mama aliniita kabla hajapanda gari. Alikuwa na jasho puani. Akaniambia, "Mwangalie mdogo wako, na nyumba muiweke safi. Nikirudi narudi na mgeni." Nikasema ndiyo mama. Nilijiona nimekabidhiwa nyumba nzima.

Basi usiku ule nikakojoa kitandani. Mimi! Nilikuwa nimeshaacha tangu sijaanza shule, na nilikuwa namcheka Idi kila alipolowesha. Nikaamka alfajiri nimelowa mpaka mgongoni, Idi mwenyewe pembeni yangu mkavu, anakoroma. Sijui hata leo kwa nini sikumsingizia, na ningeaminiwa bila maswali. Nadhani niliona aibu kwa yule anayekuja. Niligeuza godoro, nikaikunja ile shuka vizuri, pembe kwa pembe kama nilivyofundishwa, nikaenda kuificha mahali ambapo nilijua shangazi hatafagia, chini ya kitanda cha mama, nyuma ya sanduku la bati. Chumba kile kilikuwa kimeshasafishwa na kufungwa kungoja mgeni. Ndiyo akili ya mtoto hiyo, kuficha uchafu ndani ya chumba kile kile anachokuja kulala mkaguzi. Nilipanga nitaitoa mchana, shangazi akienda sokoni.

Shangazi hakwenda sokoni. Mchana wa siku ya pili baba alirudi na majirani wawili, wakaongea na shangazi nje kwa sauti ya chini, na shangazi akakaa chini mchangani, pale pale, na gauni lake safi. Sijawahi kuona mtu mzima akikaa mchangani kwetu. Halafu akanyanyuka, akajifunga khanga kiunoni, na kazi ikaanza. Makochi yakatolewa uani. Meza ikatolewa, hata ile picha ya maua ikashushwa. Wanawake wa mtaani wakaja mmoja mmoja, wakadeki sebule, wakatandika mikeka ukuta hadi ukuta. Mtu mwingine akawasha moto wa kuni nyuma, akainjika sufuria kubwa la maji.

Mimi nikashikwa na furaha na woga, vyote pamoja. Nilikuwa nimeshaona makochi yakitolewa hivyo kwenye harusi ya binamu yetu. Msiba nilikuwa naujua pia. Msiba una turubai, una viti vya kukodi, una wanawake wanaolia kuanzia kona ya barabara. Hapa hapakuwa na turubai, hakuna aliyepiga ukunga, watu walikuwa wanasafisha tu. Kwa hiyo nikajua mgeni anakuja leo. Nikashika tambara na mimi, nikawa nafuta kizingiti. Mama mmoja akanitazama, akaziba mdomo kwa upindo wa khanga. Nikadhani nimekosea namna ya kufuta, nikarudia.

"Mtoeni huyu hapa," shangazi akasema. "Mama Neema, nakuomba kaa nao hawa watoto."

Mama Neema alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, Mchaga wa Rombo, mwanamke wa sauti kubwa ambaye siku hiyo alikuwa hana sauti. Akatukalisha jikoni kwake, akatupa chai ya rangi na mkate, akaanza kumenya ndizi huku machozi yanamtiririka.

"Mama Neema, unalia?" nikamuuliza.

"Vitunguu hivi, mwanangu. Vikali kweli."

Nikatazama ndani ya sinia. Zilikuwa ndizi tupu. Nikatazama chini ya kigoda, hakuna kitunguu. Nikashindwa kuelewa, lakini mtu mzima habishiwi, nikanywa chai yangu.

Kutoka jikoni kwake niliona uwanja wetu kwa upenyo wa bati. Gari likasimama. Akashuka mwanamke mmoja mzee wa mtaani kwetu, amebeba kitu kidogo kilichofungwa nguo nyeupe, amekikumbatia kama wanavyobebwa watoto. Nyuma yake akashuka mama, anatembea polepole, ameshikwa huku na huku. Na tumbo lake lilikuwa bado kubwa! Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Mtoto yule pale, tumbo lile pale. Au walikuwa wawili? Lakini sikuwa na muda wa kuhesabu, maana mgeni ameshafika na shuka yangu iko chini ya kitanda.

Nilimwachia Idi mkate wangu ili asinifuate, nikapita kwenye upenyo. Nyumbani hakuna aliyenijali. Mama alikuwa sebuleni kwenye godoro, amefunikwa khanga kichwa kizima, wanawake wamemzunguka kimya. Nikapita pembezoni mwa ukuta mpaka mlango wa chumba chake. Umefungwa. Nikamsikia shangazi ndani, "Nipe hilo la kijani. Hilo hilo, ndilo lake." Nikasikia beseni likitolewa kwenye msumari. Nikasikia maji yakimiminwa kidogo kidogo, na harufu ya udi ikapita chini ya mlango, na harufu nyingine kali, ya karafuu maiti, ambayo wakati ule sikuijua jina.

Nikajua anaogeshwa. Nikaweka sikio mlangoni. Idi alivyokuwa mchanga alikuwa akiogeshwa mtaa mzima unajua, analia mpaka anabadilika rangi. Huyu hakulia. Maji yanamwagwa, yanatulia, yanamwagwa tena, na yeye kimya. Nikawaza, huyu ana adabu kuliko sisi. Kisha nikawaza jingine, kwamba amenyamaza kwa sababu ananusa.

Sikuweza kuondoka pale. Nilisimama nimebana miguu, namwomba Mungu shuka iwe imekauka, namwomba sanduku liwe limeziba vizuri. Mlango ukafunguliwa na nikajibanza nyuma ya pazia. Baba akaingia, akatoka na yule mtoto mikononi, sasa amefungwa nyeupe mpya, kichwa hadi miguu, mdogo kiasi kwamba mkono mmoja wa baba ulitosha. Wanaume wapatao kumi walikuwa wanamngoja nje. Wakaondoka naye kwa miguu, wakienda haraka. Ameletwa, ameogeshwa, ameondolewa. Hata chai ya mgeni haijachemka.

Shangazi akanikuta pale nyuma ya pazia. "We umetokea wapi?"

"Shangazi, mtoto anapelekwa wapi?"

Akanitazama sana. Akasema, "Amerudi kwa Mwenyezi Mungu, mama. Kule kuzuri zaidi kuliko hapa."

Kila kitu kikawa kimesemwa. Ameingia, amenusa, ameona hapa panamshinda, amerudi alikotoka, kama mama alivyosema tangu mwanzo. Mdogo wetu aliishi siku moja tu, mapafu yake hayakuwa tayari. Hilo niliambiwa nikiwa darasa la sita. Kwa miaka mitano kati ya pale na pale nilijua sababu nyingine, na sikumwambia mtu.

Siku zilizofuata hazikuwa na mpangilio wowote niliouelewa. Mama aliyekuwa akipigana na mchanga aliacha kabisa. Alikaa chumbani, akikandwa maji ya moto asubuhi na jioni kama wazazi wote, amefungwa tumbo kwa khanga, na akija mtu anajibu salamu basi. Idi alipanda godoro lake na miguu ya matope, hakumwambia kitu. Mimi nikasubiri amfokee, nilitamani amfokee. Kingine, gauni lake lilikuwa likilowa kifuani, madoa mawili, asubuhi linabadilishwa na adhuhuri limelowa tena. Nilidhani anamwagikiwa na uji. Nilimletea tambara. Alilipokea, akalishika, akageukia ukutani.

Mimi nikawa ndiye mama wa usafi. Nilifagia, nikajaza ndoo ya mlangoni kwa vikombe maana ndoo nzima sikuiweza. Idi alipata tabu na mimi. Siku moja nilimweka kwenye beseni jekundu nikamsugua kwa dodoki mpaka ngozi ikawasha, analia, na mimi nalia, namwambia, "Tulia! Unataka na wewe Mungu akuchukue? Unataka?" Mama Neema akatokea juu ya ukuta, akashuka mbio, akaninyang'anya dodoki. Hakunipiga. Akamfunga Idi khanga, akanishika na mimi, akatubana wote wawili kwenye kifua chake kilichonuka moshi. Nilitaka kumwambia.

Nilikuwa na hesabu zangu bado. Kama aliondoka kwa sababu ya shuka, basi nikiifua labda atarudi, watu wazima hawakuwa wamesema hatarudi. Ilichukua siku kadhaa kupata nafasi, kwa sababu mama hakutoka mle ndani. Siku alipokwenda kuoga nikaingia, nikalala kifudifudi, nikasogeza sanduku. Hakuna kitu. Sakafu tupu, imefutwa. Msumari ukutani nao ulikuwa mtupu, beseni la kijani sikuliona tena. Nikatoka nje, na kwenye kamba, katikati ya khanga za shangazi, niliiona shuka yangu inapepea, nyeupe, imetiwa bluu.

Kuna mtu alijua. Nilingoja. Nilimwangalia shangazi usoni siku nzima, nikamwangalia baba wakati wa kula, nikangoja niitwe jina langu kamili. Jioni shuka ikatolewa kwenye kamba, ikatandikwa kitandani kwangu, na hakuna aliyesema lolote. Heri wangenichapa. Nilihitimisha kwamba kosa langu lilikuwa kubwa kiasi kwamba halina adhabu. Nililala juu ya shuka ile miaka, mpaka ilipochakaa ikawa matambara ya kudekia, na hata nikidekia nilikuwa najua ni yenyewe.

Hayo ndiyo yaliyonipanda kichwani juzi, mama akiwa uani anafua. Nikajitanda khanga, nikambeba mtoto, nikatoka nikakaa mlangoni, jambo ambalo mzazi wa wiki tatu haruhusiwi, na mama akanitolea jicho.

"Rudi ndani, we. Upepo huo."

"Mama," nikasema, "ile shuka yangu kule Mbagala. Ya wakati wa yule mtoto. Nani aliifua?"

Mikono yake ikasimama ndani ya povu. Nilidhani hatakumbuka. Miaka yote hii tumemtaja yule mtoto mara mbili au tatu tu.

"Mie," akasema. "Nani mwingine?"

"Ulijuaje ilipo?"

"Nalala juu yake, nisijue? Harufu ilinifuata siku ya pili tu. Nikainama, kuinama kwenyewe unakujua kwa mzazi, nikaivuta. Nikaona imekunjwa pembe kwa pembe. Nikajua si ya Idi. Idi angekunja?" Akacheka kidogo, akafikicha, akaacha tena. "Walikuwa wananikatazaga kushika kazi yoyote. Kila mtu, kaa, pumzika, tulia. Nina rundo la nepi limepigwa pasi, halina hata moja chafu. Unajua inavyokuwa, mwanangu, nepi zote safi? Halafu nakuta shuka imekojolewa. Nikamvizia wifi yangu siku kadhaa, alipolala nikaenda nikaifua. Nililia pale kwenye beseni vizuri, ndo mara ya kwanza. Nikasema, kumbe nna mtoto ananisubiri huyu."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliificha nisijue. Nikaona na mie nisikwambie kama najua. Nilidhani nakusitiri."

Nikamwambia basi. Nikamwambia yote, ukaguzi, mlango, maji, karafuu maiti, na sababu niliyoijua mimi peke yangu. Nilimwambia kwa haraka, nikimtazama mtoto mapajani badala ya kumtazama yeye.

Mama akaiachia shuka. "Mie nilisema hivyo? Kwamba atanusa, atarudi?"

"Ulikuwa unatania."

"Sikumbuki," akasema. "Wallahi sikumbuki. Umekaa nalo peke yako, na mie nipo!" Machozi yakamtoka na mikono yake ina povu, akayafuta kwa bega. Nilikuwa na hasira naye kidogo, na huruma kubwa, na aibu, maana mimi mwenyewe asubuhi ile ile nilikuwa nimeyasema maneno yake bila kubadilisha hata moja, na aliyeyasikia ni mtoto wa miaka sita aliyejificha mahali ndani ya nyumba yangu.

"Salumu!" nikaita.

Nikaita tena. Akatokea upande wa choo, mgongo ukutani, mafuta ya vitumbua bado yanang'aa mpaka kwenye viwiko, na miguu imejaa mchanga. Akaiona shuka kwenye beseni, akainamisha kichwa.

"Njoo umshike mdogo wako."

Akaficha mikono nyuma. "Sijanawa, mama."

"Njoo hivyo hivyo," nikamwambia.